Dobi wa kwetu, Dhobi wa kule: kuisoma kasta katika riwaya za India

Ukimtuma mtoto apeleke shati kwa dobi, hakuulizi dobi huyo ni wa ukoo gani. Dobi ni yeyote mwenye beseni, sabuni na pasi. Leo anafua, mwakani akipata mtaji anafungua duka la simu, na udobi anauacha palepale kibandani. Neno lenyewe tumelipata India, kama tulivyopata gari na chapati, ila kuna kitu lilikidondosha njiani. Kule, Dhobi ni mtu aliyezaliwa na wazazi Dhobi. Anaweza kuwa mhandisi, anaweza kuwa hajawahi kugusa nguo chafu ya mtu, na bado akaitwa Dhobi mpaka siku ya kufa. Katika majimbo kadhaa jina hilo limo kwenye orodha ya serikali ya jamii zilizotengwa kwa karne nyingi.

Baniani naye ni hivyohivyo. Tunamtaja kwenye methali, baniani mbaya kiatu chake dawa, tukidhani ni jina la dini au la kabila. Asili yake ni vaniya, jamii ya wafanyabiashara wa Gujarat, na uvaniya nao hurithiwa. Kwa hiyo Kiswahili kimetembea na majina ya kasta mfukoni miaka mingi bila kujua kimebeba nini.

Naanzia hapo kwa sababu msomaji wa Kiswahili anapofungua riwaya ya India huelekea kuteleza mahali pamoja, nami niliteleza hapohapo. Tunasoma umaskini. Tunamwona dereva anayetukanwa na bosi wake, fundi anayepunjwa ujira, mfagizi anayefukuzwa mlangoni, tunasema haya tunayajua, hata mtaani kwetu yapo. Tunayajua nusu. Nusu ya pili imejificha kwenye jina la ukoo, kwenye kikombe kilichotengwa, kwenye swali linaloulizwa kwa upole kabla chai haijamiminwa.

Tabaka ni neno lililochoka

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu. Tuna neno tabaka, na tumelifanyisha kazi mno. Tabaka tawala, tabaka la wafanyakazi, mapambano ya kitabaka: kizazi kilichosoma siasa enzi za Ujamaa kilikula na kulala na misamiati hiyo. Kisha anakuja mfasiri au mwandishi wa habari, anakutana na mfumo wa India, naye anauita tabaka pia. Vitu viwili tofauti vinavaa kanzu moja. Nitatumia kasta kwa kile cha kuzaliwa, na tabaka kwa kile cha mali na kazi.

Tabaka unaweza kulihama. Ukishinda bahati nasibu leo, kesho umehama. Kasta huhami, hata ukifa, maana viko vijiji vya India ambako mahali pa kuchomea maiti hutengwa kwa kasta. Vitabu vya kale hutaja ngazi kuu nne: Brahmin wa dini, Kshatriya wa vita na utawala, Vaishya wa biashara na kilimo, Shudra wa kuwatumikia wengine. Nje ya ngazi hizo kabisa wakawekwa watu ambao mguso wao ulihesabiwa kuwa najisi. Hao leo wengi wao hujiita Dalit, yaani waliopondwa. Lakini ramani ya ngazi nne ni ya mbali sana. Maisha ya kila siku huendeshwa na jati, makundi ya uzazi yanayohesabika kwa maelfu, kila moja na jina lake, kazi yake ya jadi, na kanuni yake ya nani aoe wapi. Ndoa ndiyo kufuli ya mfumo mzima. Ndiyo maana riwaya hizi zikitaka kuonyesha kasta ikiuma, mara nyingi zinaanza na mapenzi.

Sheria ilikwishasema neno lake. Katiba iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950, ambayo kamati yake ya uandishi iliongozwa na B. R. Ambedkar, mtoto wa jamii ya Mahar iliyohesabiwa najisi, ilifuta utengano huo katika kifungu cha 17. Ikafuata migawo ya nafasi za kazi na vyuo: asilimia 15 kwa jamii za Dalit, 7.5 kwa makabila ya asili yaitwayo Adivasi, na kuanzia uamuzi wa serikali wa mwaka 1990, asilimia 27 kwa jamii nyingine zilizoachwa nyuma. Sensa ya 2011 iliwahesabu Dalit kuwa asilimia 16.6 ya Wahindi wote, bila kuwajumlisha Wadalit Wakristo na Waislamu ambao sheria haiwatambui kwenye fungu hilo. Kwa hiyo tunazungumzia watu milioni 200 na ushei.

Na nguvu je? Kwa ajili ya kusoma riwaya, maana nyepesi inanitosha: mwenye nguvu ni yule anayeweza kukuadhibu na yeye asiadhibiwe. Ukiishika maana hiyo utaona kwamba kasta, tabaka na nguvu havitembei pamoja siku zote. Mara nyingine vinapishana njiani, na hapo ndipo riwaya nzuri hukaa.

Juu au chini?

Tuanze na kitabu ambacho wengi mmekiona walau kwenye filamu ya 2021. *The White Tiger* ya Aravind Adiga, iliyoshinda Tuzo ya Booker mwaka 2008, inasimuliwa na Balram Halwai, dereva aliyemuua bosi wake na kugeuka mfanyabiashara wa Bangalore. Jina lake la ukoo hulipati maana ukisoma haraka, lakini Mswahili ana bahati: halwai ni mpika halua. Kijijini kila mtu akisikia jina hilo anajua ukoo huo umeumbwa kupika vitamu. Ila baba yake Balram anavuta riksho. Kuna mahali kitu kimevunjika, na mwana anajua hivyo.

Anapokwenda kuomba kazi ya udereva, mzee wa nyumba anamuuliza kasta yake ni ya juu au ya chini. Mzee mwenyewe hana uhakika Halwai huwekwa wapi. Balram naye anapima: jibu lipi lina faida? Anabahatisha "chini". Ni tukio la mistari michache, la kuchekesha, na ndani yake kuna mambo mawili. La kwanza, kasta ingali inaulizwa kwenye usaili wa kazi kama sisi tunavyouliza leseni. La pili, ngazi yenyewe ina ukungu katikati. Kileleni na chini kabisa kila mtu anajua nani ni nani, ila katikati watu hugombania vidato.

Balram ana nadharia yake. Anasema India ya zamani ilikuwa kama bustani ya wanyama, kila mmoja kwenye kizimba chake, kisha mwaka 1947 Waingereza walipoondoka milango ikafunguka, wakali wakawala wapole, na sasa zimebaki kasta mbili tu: wenye matumbo makubwa na wenye matumbo madogo. Wasomaji wa nje waliipenda sana hoja hiyo kwa sababu inarahisisha. Inaigeuza kasta kuwa tabaka, na tabaka tunalielewa. Mimi sikubaliani na Balram. Nadhani hata riwaya yenyewe haikubaliani naye sana, maana kama matumbo yangekuwa yametosha, yule mzee asingeuliza swali lake. Balram ni msimuliaji mwongo anayejitetea kwa mauaji, na mtu anayejitetea hupenda maelezo mafupi.

Mlinganishe na Ayyan Mani katika *Serious Men* ya Manu Joseph, ya mwaka 2010. Ni karani Dalit mjini Mumbai, ofisi yake ni taasisi ya wanasayansi ambao karibu wote ni Brahmin. Hana njaa. Ana mshahara, ana mke, ana kijana, ana chumba kimoja kwenye majengo ya wafanyakazi ya Worli. Kinachomla ni ule utulivu wa mabosi wake, hali ya watu ambao tangu babu wa babu hakuna aliyewahi kutilia shaka akili zao. Analipiza kwa kutunga uongo kwamba mwanawe ni bingwa wa hesabu. Njaa haiwezi kuzaa uongo wa namna ile. Unazaliwa na fedheha, tena fedheha ya mtu aliyekwishashiba.

Na kama mtu ana mshahara na anaishi mjini, kwa nini asifiche tu? Wengi walijaribu. Baburao Bagul aliliandika hilo kwa Kimarathi mwaka 1963, katika hadithi ambayo mhusika wake anapata kazi ya reli mji wa ugenini, anapanga chumba bila kutaja kasta, anaheshimiwa, anakaribishwa, mpaka siku wanapogundua. Wanampiga watu walewale waliokuwa wakimsifu.

Maji, nyayo, kamba ya kifurushi

Mwenye kutaka kuiona kasta ikifanya kazi aangalie vitu vidogo. Kwanza maji. Mwaka 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu mjini Mahad kwenda kunywa maji ya bwawa la umma. Hakukuwa na jingine: kunywa tu. Walipigwa kwa ajili hiyo. Miaka mitano baadaye Premchand, gwiji wa Kihindi na Kiurdu, akaandika hadithi fupi kuhusu mwanamke anayekwenda kuiba maji usiku kwenye kisima cha mwenye ardhi, kwa sababu mumewe ni mgonjwa na maji yao yananuka mzoga. Anafika, anatumbukiza ndoo, mlango wa tajiri unafunguka, anaachia kamba na kukimbia. Akirudi nyumbani anamkuta mumewe ameinua chombo anakunywa yale yale yanayonuka. Hadithi inaishia hapo. Nimesoma maelezo mengi ya wasomi kuhusu najisi na tahara, sijakuta lililonieleza zaidi ya ule mshindo wa ndoo.

Pili, njia na nyayo. Katika *The God of Small Things* ya Arundhati Roy, iliyotoka 1997, bibi mmoja mzee anakumbuka enzi ambazo watu wa kasta ya Paravan huko Kerala walitakiwa kutambaa kinyumenyume wakifagia nyayo zao, ili mtu wa juu asije akakanyaga alipokanyaga wao. Familia ya bibi huyo ni ya Wakristo, tena wa lile kanisa la kale la India liitwalo la Kisyria, wanaojivunia asili yao. Hapa msomaji wetu hustuka: kumbe kasta haikai kwenye Uhindu peke yake? Haikai. Wale wa chini waliobatizwa walipewa makanisa yao na mapadri wao kando. Ubatizo uliwafikia, meza haikuwafikia.

Kitabu hiki ningependa tukae nacho kidogo, kwa sababu kinaviweka kasta, tabaka na nguvu kwenye mwili wa mtu mmoja. Velutha ni seremala Paravan. Jina lake maana yake mweupe, alipewa kwa sababu ni mweusi sana. Ana mikono ya ajabu. Ndiye anayetengeneza mashine za kiwanda cha achari cha ile familia. Mwenye kiwanda anamlipa pungufu ya ambavyo angemlipa seremala wa kasta inayoguswa, lakini zaidi ya ambavyo Paravan hulipwa. Irudie sentensi hiyo polepole. Ndani ya ujira mmoja kuna soko, kuna ustadi, na kuna kipimo cha tatu ambacho si soko wala ustadi. Wafanyakazi wenzake, maskini kama yeye, wanachukia hata ile nyongeza. Tabaka moja, kasta mbalimbali, na mshikamano unavunjika hapohapo.

Kerala haikuwa mahali popote tu. Mwaka 1957 ilichagua serikali ya Kikomunisti kwa kura, jambo lililotikisa dunia, na kiongozi wake E. M. S. Namboodiripad alikuwa mwenyewe amezaliwa Brahmin. Velutha ana kadi ya chama. Anapopendana na Ammu, binti wa wenye kiwanda, siri ikafichuka, anakimbilia kwa mwanasiasa wa chama wa pale kijijini, ambaye kila siku huhubiri usawa wa wafanyakazi. Huyo anamfungia mlango. Anahitaji kura na nguvu za wafanyakazi walewale wasiotaka kufanya kazi na Paravan. Polisi wanamaliza kazi kwa buti. Anayewapelekea wenye kiwanda habari mwanzo kabisa ni baba yake Velutha mwenyewe, mzee aliyezoea kufagia nyayo, aliyekwenda kwa matajiri akilia na kujitolea kumuua mwanawe kwa mikono yake. Kama unatafuta maana ya nguvu iliyokomaa, ni hiyo: aliyekandamizwa anaifanyia kazi bila kutumwa.

Tatu, kamba. Bama, mwandishi Dalit Mkatoliki kutoka Tamil Nadu, anasimulia katika *Karukku*, tawasifu yake ya mwaka 1992, jinsi alipokuwa mtoto alivyomwona mzee wa mtaa wao akibeba kifurushi cha maandazi ya mwenye shamba kwa kukining'iniza kwenye kamba, mkono mbali na mwili. Yeye akacheka, akidhani ni kituko. Kaka yake ndiye aliyemweleza: mzee hakupaswa kugusa kifurushi. Kicheko kiliishia hapo, na nadhani utoto pia.

Ufundi haubadili asili

Rohinton Mistry katika *A Fine Balance*, ya 1995, anaifuata familia ya watengeneza ngozi ambao baba yao anafanya uasi wa kimya: anawapeleka wanawe mjini kwa fundi cherehani Mwislamu wajifunze kushona. Wanatoka na jina jipya la ukoo, Darji, yaani mshonaji. (Ukitaka kulisikia jina hilo kwa Kiswahili, tamka kudarizi, shina lao ni moja, la Kiajemi.) Kwa mtazamo wa tabaka wamepanda. Mmoja wao, Narayan, anarudi kijijini na cherehani yake, anajenga nyumba ya matofali, kisha anataka kitu cha ziada: kupiga kura yake mwenyewe badala ya kuacha watu wa mwenye ardhi waijaze kwa niaba yake. Analipwa mateso na kifo, nyumba inachomwa na waliomo ndani. Kosa lake halikuwa utajiri. Alisahau mahali pake.

Sehemu ya pili ya riwaya ni ya Hali ya Hatari aliyoitangaza waziri mkuu Indira Gandhi mwaka 1975, ikadumu hadi 1977, na yule mwenye ardhi anarudi, sasa akiwa mtu mzito wa kampeni ya serikali ya uzazi wa mpango, ile iliyokamata watu na kuwahasi kwa nguvu. Amebadili ofisi. Ana mafaili, ana hema la madaktari, ana magari. Mistry anachosema hapo, nadhani, ni kwamba dola ya kisasa haikuja kuondoa nguvu ya kasta. Kwa watu wale ilikuja kuipa muhuri.

Yasidhaniwe ni ya kubuni tu. Usiku wa Krismasi ya 1968, kijijini Kilvenmani, Tamil Nadu, vibarua 44 wa mashamba ya mpunga, wengi wao wanawake na watoto wa Dalit, walichomwa ndani ya kibanda walimokimbilia wakati wa mgogoro wa ujira na wenye mashamba. Meena Kandasamy aliligeuza tukio hilo kuwa riwaya mwaka 2014, *The Gypsy Goddess*, riwaya yenye hasira na mzaha mkali, inayokataa kukupa mhusika mmoja wa kumlilia. Wenye mashamba waliohukumiwa waliachiwa baadaye na Mahakama Kuu ya Madras, ambayo katika hoja zake iliona vigumu kuamini kwamba matajiri wenye ardhi kubwa na gari wangekwenda wenyewe, kwa miguu yao, kuwasha moto. Utajiri ukawa ushahidi wa kutokuwapo. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni hoja hiyo.

Niseme kidogo pia kuhusu ukimya. *Ghachar Ghochar* ya Vivek Shanbhag, iliyoandikwa kwa Kikannada, inahusu familia ya Bangalore iliyotoka kwenye nyumba yenye sisimizi ikatajirika ghafla kwa biashara ya viungo. Ni riwaya fupi, kali, na kasta karibu haitajwi. Riwaya nyingi za mijini ziko hivyo. Kwa aliye juu, kasta ni kama hewa, haimpi sababu ya kuitaja. Kwa hiyo ukifika ukurasa wa 100 hujaiona, jiulize nyumba hiyo ni ya nani.

Nani ameshika kalamu

Mpaka hapa nimewataja waandishi kana kwamba wote wanasimama jukwaa moja. Hawasimami. Mulk Raj Anand aliandika *Untouchable* mwaka 1935, siku moja ya kijana mfagia vyoo, na riwaya inaisha kijana akisikia habari za mashine ya kuvuta maji chooni kama ukombozi wake. Kitabu cha huruma, na cha mtu aliyekuwa akitazama kutoka dirishani. Premchand, pamoja na kile kisima chake, aliandika pia hadithi ya baba na mwana wa kasta ya Chamar wanaokula viazi nje huku mke wa mwana akifa kwa uchungu wa kuzaa ndani, kisha wananywea pombe pesa ya sanda. Wasomi walimsifu kwa ukweli. Wakosoaji wengi wa Dalit waliuliza: ukweli wa nani? Mwaka 2004 kundi moja la fasihi ya Dalit lilichoma nakala za riwaya yake nyingine hadharani mjini Delhi. Mimi vitabu sichomi, na Premchand nitaendelea kumsoma. Lakini naielewa hasira ya mtu ambaye kila akifungua kitabu anajikuta ama anaonewa ama amelewa.

Mwaka 1972 vijana washairi wa Mumbai, Namdeo Dhasal na wenzake, waliunda chama chao, Dalit Panthers, wakiazima jina kwa Weusi wa Marekani. Fasihi iliyowazunguka ilikuja kwa Kimarathi cha mitaani, yenye matusi, harufu na njaa, na chombo chake kikuu kikawa tawasifu. Sababu iko wazi: ukinyimwa jina, kitu cha kwanza unachotaka kusema ni mimi.

Tazama mwaka 1997. Roy alitoa riwaya yake kwa Kiingereza, ikapata Booker, ikaenea ulimwenguni. Mwaka huohuo Omprakash Valmiki, aliyezaliwa kwenye familia ya wafagizi kaskazini mwa India, alichapisha kwa Kihindi *Joothan*. Jina hilo tunalo kwa Kiswahili neno lake kamili: makombo. Makombo ya harusi ndiyo yalikuwa malipo ya kazi za familia yake. Anasimulia mwalimu mkuu alivyomfanya afagie uwanja wa shule siku baada ya siku wenzake wakisoma, na mama yake alivyoomba chakula safi kidogo cha watoto kwenye harusi, akaambiwa ashike makombo yake na ajue nafasi yake. Mama aliyamwaga yale makombo palepale na hakurudi tena kuchukua. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho ilisubiri mpaka 2003. Velutha wa Roy anapendeza, anateseka, anakufa, hasemi mengi. Mama yake Valmiki anamwaga kikapu. Mpe mtu vitabu vyote viwili, lakini ukimpa kimoja tu, ujue umechagua nini.

Na wenye nguvu nao husoma, au husomewa. Perumal Murugan anaandika kwa Kitamil kuhusu wakulima wenye ardhi, kasta ambazo kwa ramani ya kale hazipo kileleni kabisa, ila kijijini ndizo zenye mashamba, kura na fimbo. Hili ni jambo ambalo ngazi nne hazikuonyeshi: siku hizi mkono unaompiga Dalit mara nyingi ni wa jirani aliye kidato kimoja au viwili juu yake. Riwaya yake *Madhorubagan* ya 2010 inasimulia mume na mke wanaopendana wasiojaliwa mtoto, na sherehe ya hekalu la Tiruchengode ambako zamani, usiku mmoja, mwanamke aliweza kushika mimba kwa mtu asiyemjua. Mwishoni mwa 2014 makundi ya kasta na ya dini yalikichoma kitabu na kufunga maduka ya mji. Walisema wanatetea heshima ya wanawake. Soma riwaya na utaona kilichowauma: kama babu yako alipatikana usiku ule, damu yako ni ya nani? Januari 2015, baada ya kikao na maofisa wa wilaya alikoombeshwa radhi, Murugan alitangaza kwamba Perumal Murugan mwandishi amekufa. Julai 2016 Mahakama Kuu ya Madras ilikataa kukipiga marufuku kitabu na kumwambia afufuke, aandike.

Kabla ya hapo alikuwa ameandika *Pukkuzhi*, iliyojulikana kwa Kiingereza kama *Pyre*, na kuitunukia kwa kijana Dalit aliyekutwa amekufa kando ya reli baada ya kuoa binti wa kasta ya juu yake. Kumaresan anamleta kijijini mke, Saroja, na kila mtu anauliza swali moja: ni wa kasta gani? Murugan hajibu. Kasta zao hazitajwi hata mwishoni. Msomaji unajikuta na wewe unatafuta dalili, kwenye rangi ya ngozi yake, kwenye namna anavyopika, na ghafla unagundua umesimama na wanakijiji.

Kalamu zenyewe hazijafika kwa njia moja. Manoranjan Byapari, wa jamii ya Dalit wa Bengal iitwayo Namasudra, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, gerezani Kolkata. Alipotoka alivuta riksho. Abiria wakipungua anasoma. Siku moja alikutana na neno la Kibengali asilolijua, jijibisha, na akambeba mwanamke mmoja mtu mzima aliyeonekana kama mwalimu, hivyo akamuuliza maana yake. Hamu ya kuishi, akajibu yule mama, kisha akashangaa mvuta riksho amelitoa wapi neno hilo. Alikuwa Mahasweta Devi, mmoja wa watunzi wakubwa wa Bengal, ambaye ndiye mwandishi wa kitabu alichokuwa Byapari anakisoma siku zile. Alimwambia aandike kuhusu wavuta riksho kwa ajili ya jarida lake, *Bortika*, naye akaandika.

Mwaka 2021 Byapari alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la West Bengal. Jina lake la ukoo, kwa Kibengali, maana yake ni mfanyabiashara.